Siku Kaka Alipomwangusha Kaburu

Kaka yangu Melkiori tulimzika mwezi uliopita huku Kibosho, na katika wasifu uliosomwa kanisani hapakuwa na neno hata moja kuhusu raga. Mjukuu wake aliyeusoma alitaja ubatizo, ndoa, miche ya kahawa aliyoipanda kwa mikono yake, miaka aliyokuwa mzee wa parokia, hata jinsi alivyopenda mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa changa na isiyo kali. Hapo kwenye mbege watu walicheka kidogo. Mimi nilikuwa benchi la mbele na fimbo yangu, nikingoja. Wasifu ukaisha, kwaya ikaanza, nikaelewa kwamba watoto wake hawakujua kitu, na kwamba nimebaki peke yangu ninayejua.

Pengine ningekufa na habari hii. Lakini siku tatu baada ya mazishi bega langu lilikaza kwa baridi, na binti yangu mdogo akaniletea dawa ya kuchua ya dukani, ya kopo, yenye kafuri na tapentaini. Alipofungua kifuniko nilimshika mkono nikamwambia afunge upesi. Alidhani inaniwasha macho. Harufu ile ndiyo iliyokuwa ikiingia nyumbani kwetu pamoja na kaka kila Jumamosi jioni, nilipokuwa msichana wa miaka tisa. Majina ya nusu ya wajukuu zangu nimeyasahau, lakini harufu ile sijaisahau. Usiku huo sikulala, na asubuhi nikaomba daftari.

Ninyi wenzangu mliozaliwa wakati wa Mwingereza mnakumbuka mashamba ya walowezi yalivyokuwa yametukalia hapa chini. La jirani yetu lilikuwa la Kaburu mmoja, mwendo wa saa nzima ukiteremka kwa kufuata mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na babu zetu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shingo nyekundu, aliyeletwa na wazazi wake kutoka Afrika ya Kusini akiwa bado ananyonya. Kiswahili alikijua kuliko baba yangu, na matusi ya Kichagga aliyajua kuliko inavyofaa. Kwa siku za kawaida hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo nikijua vizuri nitakayoyasimulia.

Kitu kimoja tu kilimtoa machozi mtu huyo, nacho ni raga. Mpishi wake, mtu wa Masama aliyekuwa akipita kwetu kunywa mbege na Baba, alitusimulia kwamba sebuleni kulikuwa na picha kubwa ya wanaume kumi na watano waliokunja mikono vifuani, wachezaji wa nchi yake, na hakuna mtumishi aliyeruhusiwa kuipangusa vumbi. Aliipangusa mwenyewe. Timu ya kwao ikicheza, aliweka redio ya betri barazani akasimama mbele yake, kofia mkononi. Ikishinda, wafanyakazi walipewa sukari. Ikishindwa, alikaa siku mbili bila kunyoa ndevu, na mpishi aliapa kwamba alimwona akilia, mtu mzima mwenye bunduki tatu, analilia mpira. Kaburu mwenyewe alikuwa akisema kwamba kwao hata mchungaji hapandi mimbarani kabla hajajua nani ameshinda, na mtoto wa kiume hupewa mpira kabla ya kupewa viatu.

Mimi nilikuwa nafundishwa katekisimu wakati huo, kwa hiyo nilielewa kwa namna yangu. Wale kumi na watano niliwachukua kuwa watakatifu wao. Siku moja nilimwuliza katekista kati yao Petro ni yupi, nikachapwa, na hata baada ya kuchapwa sikubadili mawazo.

Kaka alikuwa na miaka kumi na tisa. Alifanya kazi katika kiwanda cha kumenya kahawa cha Kaburu huyo, na alikuwa na mgongo wa kubeba magunia mawili bila kuguna. Kila mwaka walowezi wa upande wetu walicheza raga na wenzao waliotoka Kenya, na Kaburu alikuwa nahodha. Wazungu wa kufanya naye mazoezi hawakutosha, walikuwa tisa au kumi tu, basi kila Jumamosi mchana aliwapanga vijana wa kiwandani wainame, washikane mabega, wasukumane na Wazungu. Wengi waliona ni adhabu bila kosa. Kaka aliupenda mchezo ule. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Aliupenda jinsi wengine wanavyopenda ngoma, na Kaburu akamwona, akaanza kumpa mpira akimbie nao.

Nyumbani kaka alitengeneza mpira wa majani makavu ya migomba, akaufunga kwa kamba mpaka ukawa na umbo la papai, akanifundisha kuudaka kwa kifua. Aliniambia mpira huo hutupwa nyuma tu, kamwe si mbele. Nilimwuliza watu wanafikaje mbele kama kazi yao ni kutupa nyuma.

"Wanakimbia nao, mdogo wangu," alisema. "Ukichoka, nyuma yako yupo mtu."

Tulicheza kati ya migomba mpaka Mama apige kelele kwamba tunamvunjia matawi ya kahawa. Mimi nilikuwa nikianguka kila mara, yeye anacheka mpaka anakaa chini. Sikupata kumwona tena akicheka vile, si kwenye harusi yake, si kwenye ubatizo wa watoto wake.

Jambo ambalo hakunifundisha ni kuangushana. Hilo alilificha kwa sababu ya Mama. Alirudi na michubuko ubavuni, sikio limevimba, na ile harufu ya dawa ya kuchua, ambayo Kaburu mwenyewe alikuwa amempa kopo zima. Mama alipouliza, alisema ni magunia. Basi mimi nikaamini kwamba raga ni kukimbia na papai, na kwamba kahawa ya Kaburu ni nzito mno.

Jumamosi moja Mama alinituma nimpelekee kaka kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, kikiwa kimefungwa katika jani la mgomba na bado cha moto. Niliteremka na mfongo mpaka nyuma ya meza za kuanikia kahawa. Kahawa iliyolowa ilikuwa ikinuka uchachu. Nilisikia watu wakiguna na kupumua kwa nguvu upande wa pili wa ua, nikachungulia.

Nilichokiona ni hiki. Kaka yangu alikuwa ameshika mpira, na Wazungu watatu walimrukia wakamwangusha, mmoja akamlalia mgongoni. Aliinuka na damu mdomoni. Wakamwangusha tena. Alipoinuka mara ya tatu mpira alikuwa nao Kaburu, anakuja mbio, na kaka akamwendea. Aliinama, akamkumbatia mapaja, akamnyanyua kutoka ardhini, akambwaga. Niliusikia mfupa. Ulitoa mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto, kisha Mzungu akapiga yowe na wenzake wote wakakimbilia pale.

Mzungu nilikuwa nimemwona juu ya farasi, juu ya gari, juu ya ngazi za baraza. Chini sikuwa nimemwona hata mara moja, na sikujua kwamba mifupa yao inalia. Kiburu kiliniponyoka, sikukiokota. Niligeuka nikapanda mlima mbio bila kutazama nyuma. Maisha yangu yote nimejiuliza ningeona nini kama ningesimama pale kwenye ua kwa muda wa kusali Salamu Maria moja tu.

Baba nilimkuta akipogoa kahawa. Maneno niliyomwambia ninayakumbuka yote.

"Baba, kaka amemvunja Bwana. Walimpiga kwanza, naye amelipiza."

Aliniuliza mara tatu kwa sauti ya chini, na mara zote tatu nilijibu vilevile. Sikuwa nasema uongo. Ndivyo nilivyoona: wamempiga, wamempiga tena, naye akalipiza. Ile michubuko ya kila Jumamosi ghafla ikapata maana, nikamwambia Baba na hiyo pia, kwamba siku zote wamekuwa wakimpiga na yeye anasingizia magunia. Nilijiona nina akili sana kwa kuligundua hilo.

Ninyi hamna haja ya kuelezwa isale, lakini kama kuna mjukuu anayewasomea haya, basi ajue. Isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Anayekosa, mzee wake huchuma jani lake, hulifunga fundo na kulipeleka kwa aliyekosewa. Ukishapokea isale huwezi tena kukataa kusamehe, hata kama umeuliwa ndugu. Kwetu masharti yalikuwa mawili. Lifike kabla jua halijazama, kabla aliyekosewa hajatuma mtu kukutafuta. Na mwenye kulipeleka asipunguze kosa, bali aliongeze. Hulisema kubwa kuliko lilivyokuwa, hujidhalilisha yeye na uzao wake, kwa maana anayejitetea huyo hakuja kuomba.

Ndiyo maana Baba hakumngoja kaka arudi ajieleze. Mama alimsihi angoje. Baba alisema wakingoja, watakaopanda mlima huu ni Wazungu na bunduki zao. Alivaa koti lake la Jumapili, akachuma isale, akabeba kibuyu cha mbege, na mimi nikamvuta mbuzi kwa sababu alinizoea.

Tulipofika, Kaburu hakuwepo. Alikuwa amepelekwa hospitali ya Moshi kwa gari, wenzake wote wakifuatana naye, na kaka pia hakuonekana, tukadhani amekimbilia porini. Barazani tulimkuta mke wa Kaburu, aliyekuwa hajamaliza mwaka tangu aje kutoka kwao na Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza maji ya moto tu, pamoja na mgeni wake, Mwingereza mmoja mzee aliyekuwa na kalamu mfukoni. Mpishi, ambaye mchana kutwa alikuwa jikoni na hakuona kitu, aliitwa atafsiri.

Baba alipiga magoti kwenye majani. Hilo nalo lilinishtua, kwa sababu magoti ya baba yangu nilikuwa nimeyaona yakigusa sakafu ya kanisa tu. Akaongea kama wazee wanavyoongea wakiwa na isale mkononi.

"Mwanangu ameinua mkono juu ya Bwana wake," alisema. "Amempiga kwa hasira, amemvunja, alitaka kumwua. Mimi ndiye niliyemzaa mnyama huyo. Nimekuja mtusamehe."

Mpishi alisita kwenye neno la kuua. Alinitazama mimi na mbuzi wangu, akamtazama Baba, kisha akalitafsiri kama lilivyo, maana yeye naye alikuwa mtu wa mlimani na alijua isale halikatwi maneno. Mke wa Kaburu aligeuka rangi. Yule mgeni akatoa kalamu, akaandika mistari michache. Baba aliponyoosha mkono wenye lile jani, mama yule alilipokea, nadhani kwa kutojua afanye nini kingine, akaliweka mezani kando ya vikombe vya chai.

Limepokewa. Baba alilia kwa furaha pale pale. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiimba wimbo wa Bikira Maria, na mlima ulipokuwa mkali alinibeba mgongoni, mimi msichana mkubwa wa miaka tisa. Aliniambia kwamba macho yangu yamemwokoa kaka yangu.

Kaka hakurudi siku hiyo. Kesho yake, tulipotoka misa, mpishi alikuwa ametungoja mlangoni mwa kanisa, na hakutuamkia. Alituambia yote kwa mkupuo, kama alivyosimuliwa na dereva. Kaburu alipoanguka, yowe lake lilifuatwa na kicheko. Alikuwa amelala chini na mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, umevunjika, anawaambia wenzake kwamba sasa amempata mtu anayejua kuangusha. Alimpa kaka mkono wake mzima amnyanyue. Alimpandisha garini amshikilie bega kwa ajili ya mashimo ya barabara, na njiani alimwahidi kwamba Jumamosi ijayo atampa viatu vya kuchezea. Ule ulikuwa mchezo. Wale Wazungu watatu hawakuwa wakimpiga, walikuwa wakicheza naye, na kumwangusha mwenye mpira ndiyo kanuni yenyewe.

Kaka alikuwa amekaa nje ya hospitali, akimngoja Bwana wake atoke, askari wawili walipomjia na pingu, wametumwa na karatasi ya yule mgeni wa barazani. Mpishi alisema kaka aliwacheka. Alidhani Kaburu amewatuma wamtanie.

Baba aliketi chini kwenye vumbi la kanisa, na koti lake la Jumapili. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikingoja kofi. Nililitaka kofi lile, lakini halikuja. Baada ya muda alisema korti nayo ni baraza kama mabaraza mengine, wataambiwa kwamba isale limeshapokewa, na maneno yatakwisha. Alisema hivyo kwa utulivu hata Mama akafuta machozi.

Korti ilikaa Moshi baada ya wiki. Mama alinivika gauni langu la komunyo ya kwanza, sijui kwa nini. Kaburu alikuja mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cheupe, na kaka alipomwona uso wake ulichangamka. Aliamini kabisa kwamba mtu huyo atasimama aseme ulikuwa mchezo, kisha warudi wote kwa gari. Nami niliamini.

Hakimu alimwuliza Kaburu ilikuwaje. Kaburu aligeuza macho nyuma yake, kwenye viti walivyokalia Wazungu wenzake, wale wa mpira na wake zao. Leo ninaelewa alichokiona pale. Akisema alikuwa akicheza, ni lazima aseme hadharani alikuwa akicheza na nani, na kwamba mfanyakazi wake mweusi alimnyanyua akambwaga. Hapo unahodha umekwenda, na pengine hata kiti chake kwenye meza zao kingekwenda. Alisema hakumbuki kilichotokea kabla hajaanguka. Mtu aliyewalilia wachezaji wa redioni asiowahi kuwaona kwa macho alimwacha hivyo mmoja aliyecheza naye.

Kisha akaitwa Baba. Hakimu aliuliza kwa kupitia mkalimani kama ni kweli aliyasema yale yaliyoandikwa na mgeni wa barazani. Baba alisema ni kweli, akaongeza kwamba isale lilipokewa na mwenye nyumba, kwa hiyo shauri limekwisha. Mkalimani hakuwa mtu wa huku. Alitafsiri kwamba mzee anasema alimpa mama yule jani, na watu wa viti vya nyuma wakacheka. Baba aligeuka kuwatazama. Nadhani ni wakati huo alipoanza kuelewa.

Hakimu akauliza swali la mwisho. Alitaka kujua kama Baba alikuwepo, au ni nani aliyemwambia. Kama kuna aliyemwambia, aletwe asimame pale aseme alichokiona.

Nilikuwa nimebanwa kati ya Mama na ukuta. Nilihisi mkojo wa moto unanitoka kwenye gauni la komunyo, na sikuweza kuuzuia. Baba hakugeuka upande wetu. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Niliona mwenyewe," alisema.

Kaka alimtazama. Yeye alijua fika kwamba Baba hakuwepo, kwamba mzee huyu hajawahi kukanyaga uwanja ule hata siku moja. Hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana kama mtoto aliyeamshwa ghafla asijue yuko nyumba ya nani. Nimeishi miaka mingi, nimezika mume na watoto wawili, na uso ule ndio uliobaki kuwa kitu cha kutisha kuliko vyote nilivyowahi kuona.

Alipewa miezi sita na viboko kumi na viwili. Alitolewa kwa mlango wa nyuma.

Tuliporudi, Mama alitangulia peke yake akikazana kama aliyefukuzwa. Mimi na Baba tulikuwa nyuma. Nilimwuliza kwa nini hakusema ni mimi, akanijibu kwamba wangenisimamisha pale niseme mbele ya kaka yangu, na yeye hakuzaa mtoto wa kufanyiwa hivyo. Nilimwambia basi kaka akitoka tumweleze. Baba alisimama katikati ya njia.

"Usimwambie," alisema. "Mimi akinichukia nitabaki baba yake. Wewe akikuchukia, sisi tukishakufa utabaki na nani?"

Niwaambie ukweli, maana sasa hakuna wa kumdanganya. Nilipata nafuu. Nilipumua. Kaka yangu alikuwa akipelekwa kuchapwa viboko na mimi nikapumua kwamba hatajua, na mpaka leo nikikumbuka pumzi ile ninajishangaa.

Alitoka akiwa amekonda, na mgongo wake hakumwonyesha mtu. Kaburu alimtuma mpishi aseme kazi bado ipo. Kaka hakwenda. Alijenga kibanda chake ng'ambo ya pili ya kihamba, akapanda kahawa yake, akaoa. Kaburu aliuza shamba miaka michache kabla ya Uhuru akarudi kwao, kwenye raga yake, na sikusikia tena habari zake.

Kila asubuhi kaka alipita kwa Baba akamwamkia. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Hakuacha hata siku moja, na hakuongeza hata neno moja. Wageni walimsifu kwa adabu. Mama alimwomba Baba achume isale ampelekee mwanawe, wamalize. Baba alikataa, kwa kuwa isale halipelekwi bila kutaja kosa, na kosa lile halikuwa lake, lilikuwa langu. Mama, ambaye hakusikia tuliyosemezana njiani, alikufa bila kujua kwa nini mumewe alikuwa mgumu hivyo. Mimi nilikuwa nikikaa kati yao kwenye sikukuu, nikimpa huyu nyama na yule nyama, dada mwema anayependwa na wote wawili.

Baba aliugua akiwa mzee sana. Nilirudi nyumbani kumwuguza. Kaka aliendelea kuja kila asubuhi, anaamkia, anaondoka. Asubuhi moja alichelewa kuondoka. Alivuta kigoda akaketi karibu na kitanda, akaitazama mikono ya Baba iliyobaki mifupa. Nikajua amekuja na neno.

"Baba," alisema, "kwa nini ulisema uliona?"

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kulibeba swali hilo na anaogopa asije akabaki nalo. Baba aligeuza kichwa polepole juu ya mto, akanitazama mimi. Hakunikonyeza wala kunikataza. Alikuwa ametunza siri yangu kwa miaka yote hiyo, na sasa alikuwa amelala pale akiniachia mimi. Kaka naye, alipoona macho ya Baba yamekwenda kwangu, akageuka kunitazama.

Nilikuwa mwanamke mzima, mama wa watoto watano. Wote wawili walikuwa wakiningoja. Nilifungua kinywa, nikamwuliza kaka kama angependa chai.

Akasema atakunywa, nami nikaenda jikoni.